Mguu Usiokonda

Jumatatu, 4 Machi

Nimekubali, na sasa ninajiuliza kwa nini. Mkuu wa shule, ambaye ni mtoto wa dada wa marehemu mke wangu, alikuja jana baada ya ibada, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, akaniomba niwafundishe vijana wa kidato cha tatu kipindi kimoja kila wiki: moyo, mishipa ya damu, na namna ya kujikinga na maradhi yake.

"Baba mdogo," alisema, "umestaafu utabibu, hujastaafu akili."

Nilimwomba radhi kwamba sauti yangu imepungua na magoti yangu hayapatani na ngazi. Akasema darasa liko ghorofani, lakini ngazi ni pana. Sikuona njia ya kukataa bila kumvunjia heshima.

Mke wangu angecheka. Alikuwa akisema kwamba siku nyumba yetu ikishika moto, nitaanza kwa kuwaomba radhi majirani kwa ajili ya moshi.

Alhamisi, 7 Machi

Kipindi cha kwanza. Nilikata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, nikakijaza nusu kwa mafuta ya kupikia yaliyoganda, nikamimina maji ili waone yanavyopita kwa taabu. Mvulana wa safu ya mbele, wanayemwita Wakili kwa kuwa hajapata kukubaliana na mtu, aliinua mkono.

"Mwalimu, hayo si magonjwa ya wazee?"

"Samahani, kijana wangu. Mzee hupokea tu mzigo. Mzigo wenyewe hutumwa akiwa na umri kama wako."

"Basi wangu nitakataa kuupokea."

"Utaupokea. Umeandikwa jina lako."

Darasa lilicheka, nami nikapata nguvu. Dirishani aliketi msichana mrefu aliyeuegesha mguu wa kushoto juu ya kiti cha pili. Mguu umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na wenzake wameiandika majina yao yote. Ni mlinda mlango wa timu ya wasichana. Kila mtu humwita Kipa, walimu nao.

"Mwalimu," aliuliza kwa upole, "hayo mafuta bado yanafaa kukaangia?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya mwisho ya siku.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeweka beseni chini ya paa linalovuja na kuusogeza kando mkoba wangu wa utabibu.

Alhamisi, 14 Machi

Somo la chumvi, tumbaku na uvivu wa mwili. Nilipeleka mashine ya kupimia shinikizo la damu, wakapimana. Wakili alidai mashine inampendelea jirani yake.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa amefunga mlango, jambo ambalo halifanyi mchana. Inasemekana kwamba Wakili, wakiwa mezani mbele ya wageni, alimpokonya baba yake kikopo cha chumvi na kumuuliza anakusudia kuishi hadi lini. Baba huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

"Nia yako naijua, Baba mdogo. Lakini wazazi wanasema unawatisha watoto. Nakuomba kitu kimoja tu. Fundisha ubaoni. Usimpime mwanafunzi, usimguse, wala usipeleke nyumbani kwa mtu habari ya ugonjwa. La sivyo, kipindi chenyewe watakifuta."

Nilimpa neno langu, nikamwomba radhi kwa usumbufu. Mimi nimelelewa misheni. Tangu nikiwa mdogo nilifundishwa kwamba ahadi ni deni, na sijawahi kuwa mdaiwa mbaya.

Alhamisi, 21 Machi

Kipindi kizuri kuliko vyote. Niliwaeleza kwamba damu hushuka miguuni kwa hiari yake, lakini kupanda ni kazi. Kila tunapopiga hatua, shavu la mguu hukaza na kuisukuma damu juu kupitia vena, hadi moyoni. Nikaliita shavu la mguu moyo wa pili. Walisimama wote wakawa wanajiinua kwa ncha za vidole, sakafu ikatikisika, mwalimu wa darasa la chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Kipa peke yake aliketi.

"Na sisi tuliofungwa, Mwalimu?"

"Moyo wako wa pili umelala tu, binti yangu. Utaamshwa plasta ikitoka."

Niliipenda sentensi hiyo. Nilirudi nayo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Mfereji wa mbele ya nyumba umefurika. Nimekunywa chai mbili bila sababu.

Alhamisi, 4 Aprili

Kipa ametolewa plasta. Darasa lilimpigia makofi alipoingia. Somo lilikuwa la kiharusi. Nilidhani ningeweza kulifundisha bila kumtaja mke wangu. Nilimtaja. Vijana waliweka kalamu chini kwa adabu iliyonishinda kustahimili, nikawaomba radhi, nikawatoa mapema.

Alhamisi, 11 Aprili

Ninaandika kwa mashaka.

Nilikuwa nimeinama kuokota chaki nikaiona miguu ya Kipa chini ya dawati, sambamba. Katika utumishi wangu nimekata plasta nyingi mno. Mguu unaotoka ndani ya plasta hutoka umekonda, kama mtu aliyetoka kifungoni. Huchukua muda kunenepa na kufanana tena na mwenzake. Huu wa Kipa haukukonda. Ulikuwa mnene kuliko ule mzima, ngozi inang'aa, na soksi ilikuwa imeuchimbia mfereji.

Kengele ilipolia nilimngojea mlangoni.

"Samahani, binti yangu. Mguu unaendeleaje?"

"Poa tu, Mwalimu. Unajaa kidogo jioni. Bibi ananikanda kwa maji ya moto."

"Unauma?"

Aliangalia nyuma kama kuna mtu anasikiliza. "Mashindano ni mwisho wa muhula, Mwalimu. Kocha akijua nachechemea, langoni anaweka mtu mwingine. Yule wa akiba anadaka kama anayefukuza nzi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, naye akapata nafasi ya kuondoka.

Ijumaa, 12 Aprili

Nilimwendea mkuu na kumweleza nilichokiona. Nilisema kwamba mguu uliolala muda mrefu, damu yake inaweza kuganda ndani ya vena. Kwamba bonge hilo likivunjika, kipande husafiri hadi mapafuni. Kwamba jambo kama hilo kwa mtoto ni nadra, lakini nadra si kamwe. Nilitanguliza samahani mara nyingi, naye akazipokea zote.

"Plasta si ilitolewa hospitali? Daktari si ameuona huo mguu?" Alijipangusa uso. "Baba mdogo, tulielewana. Mkutano wa wazazi ni Alhamisi ijayo na ajenda ya kwanza ni wewe. Ngoja upite, kisha tutaona."

Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nimevunja nusu ya ahadi yangu, na nusu hiyo nimeivunja vibaya.

Nilikwenda kwa bibi yake Kipa, anayemlea. Ni mshonaji; chumba chake cha mbele kina cherehani, pasi ya mkaa, na sare za shule zilizorundikwa hadi dirishani. Alinipokea kwa macho juu ya miwani.

"Karibu, mzee mwenzangu. Umeleta nguo au umeleta maneno?"

"Samahani, mama. Nimeleta maneno. Lakini koti nalo lina kifungo kilicholegea."

"Basi vua koti. Maneno yatasubiri uzi."

Alishona huku akizungumza. Nilimuuliza habari za mjukuu, nikauzunguka mguu kama paka anavyozunguka maziwa ya moto. Ndipo yeye mwenyewe akaufikia.

"Mguu unajaa, ndiyo. Namkanda kila jioni. Ni mambo ya familia haya, usione. Mama yake alipojifungua huyu, mguu wake mmoja ulivimba hivi hivi. Nikamkanda kwa mikono hii hii, ukawa unapoa. Siku moja akainuka kumchukua mtoto, akaniambia, 'Mama, pumzi.' Akaanguka. Wakasema ni moyo. Wengine wakasema mengine, unawajua watu." Aliukata uzi kwa meno. "Hiki hakitalegea tena."

Uvimbe wa mguu mmoja, mama na binti. Palepale nilijua la kusema: mpeleke hospitali leo, na mikono yako isiuguse mguu ule tena. Maneno yalikuwa mafupi na yote nilikuwa nayo. Lakini mwanamke huyu alikuwa amenieleza kifo cha mwanawe huku akinishonea koti bila kutaka malipo. Ningewezaje kumwambia kwamba mikono ile ile huenda ndiyo iliyolisogeza bonge?

Nikasema: "Samahani sana, mama. Kwa maoni yangu madogo, pengine ingefaa, mkipata nafasi, aonekane tena na daktari. Na kumkanda nako, pengine, kungesubiri."

"Haya, mzee mwenzangu. Tukipata nafasi tutakwenda."

Akanivalisha koti kama mtoto anayekwenda shule. Kifungo kilikaa imara. Maneno yangu hayakukaa.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua haijakatika. Sikupata usingizi wa maana.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeamua. Ahadi inasema nifundishe ubaoni. Basi kesho nitachora ubaoni vena iliyoziba, na Kipa ataketi mbele yake. Si kumgusa, si kumpima. Nimejiona mwerevu jioni nzima. Natumaini si werevu wa kuku anayeficha kichwa na kuacha mkia nje.

Alhamisi, 18 Aprili

Ninaandika usiku, koti bado limelowa.

Wazazi walianza kukusanyika ukumbini asubuhi. Niliwapita nikiwa na mwavuli, nikawasalimu wote. Gari la mwenyekiti lilikuwa limeegeshwa mbele ya lango, kila mtu akilizunguka kwa kukanyaga matope.

Kipa alichelewa. Nilikuwa nimekwisha kuchora mguu, na vena yake, na bonge la damu kwa chaki nyekundu, aliposhika fremu ya mlango. Ngazi ni pana, lakini alikuwa akihema kama aliyekimbizwa. Akaketi, mkono ubavuni. Sikumtazama. Niliendelea kuuelezea ubao: mguu mmoja kuvimba, joto, maumivu yanayozidi mtu akisimama.

Wakili aliinua mkono. Mara hii hakutabasamu.

"Mwalimu. Mguu huo ukikandwa?"

"Bonge huweza kung'oka, likapanda hadi mapafuni."

Hakuna aliyeandika. Vichwa viligeuka dirishani, kimoja baada ya kingine.

"Sisi tunamkanda Kipa," Wakili alisema. "Kila mapumziko. Kwa zamu. Ulisema moyo wake wa pili umelala, sisi tukawa tunauamsha."

Sentensi yangu. Ile niliyoipenda.

"Mwalimu," Kipa alisema kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "nikivuta pumzi, hapa panachoma."

Nilikwenda nikamshika kifundo cha mkono mbele ya wote. Mapigo yalikimbia kama cherehani ya bibi yake. Midomo ilikuwa imepauka.

Niliwaambia vijana wanne walete benchi, wamlaze kichwa kikiwa juu, wamteremshe, asikanyage hata ngazi moja, na mguu ule usiguswe na mtu. Walinitii bila neno, Wakili akiwa mbele anashuka kinyumenyume. Mimi nilitangulia. Sijui magoti yangu yalikuwa wapi, sikuyasikia.

Ukumbini mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba mkuu alikuwa akihutubia kwa kupaza sauti. Niliingia nimelowa, mwavuli niliuacha darasani. Nikapita katikati ya viti.

"Baba mdogo," alisema, akijaribu kutabasamu kwa ajili ya watu, "tafadhali, ajenda yako bado. Tuko katikati ya..."

"Nyamaza. Washa gari."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mwenyekiti alisimama, mtu mnene mwenye koti zuri.

"Huyu ndiye yule mzee?" aliuliza. "Tena anaingia hivi hivi, anatukatiza..."

"Na wewe, kaondoe lako langoni. Umeziba njia, kuna mtoto anakufa."

Alitoka akitafuta ufunguo mifukoni. Bibi yake Kipa alikuwa amekwisha kusimama katika safu ya nyuma, miwani mkononi.

"Ni wangu?"

"Ni wako."

"Ni ule mguu?"

"Ni ule mguu. Usiuguse. Wewe wala mtu mwingine."

"Kama mama yake," alisema.

"Kama mama yake. Ila leo tunawahi."

Sikuwa na hakika kwamba tunawahi. Nililisema tu, nikalishikilia.

Barabara ilikuwa maji matupu. Mkuu aliendesha ameinama juu ya usukani. Mimi niliketi nyuma nimemwegemeza Kipa kifuani, bibi yake mbele amegeuka nyuma njia nzima. Karibu na daraja gari lilizimika mara moja. Likawaka.

"Mwalimu," Kipa alininong'oneza, "nitacheza?"

"Hapana."

"Hata kipindi cha pili?"

"Hapana. Pumua polepole."

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, kisha wakaupima mguu kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Daktari, mwanamke kijana wa kutosha kuwa mjukuu wangu, alinionyesha kwenye kioo: vena ya paja imejaa, na kipande kimekwisha kupanda pafuni. Nilimweleza habari za mama. Akaniangalia, akaandika, akasema, "Mmewahi, mzee wangu. Lakini usiku huu ndio utakaosema."

Bibi alikataa kiti. Mkuu alinirudisha nyumbani. Mlangoni alisema, "Baba mdogo, mimi..." Nilimwambia akalale.

Ijumaa, 19 Aprili

Yu hai.

Jumapili, 21 Aprili

Nilikwenda kumtazama. Kipa ametolewa oksijeni na analalamikia chakula, jambo ambalo daktari analihesabu kuwa dalili njema. Atameza dawa kwa miezi mingi.

Bibi yake alikuwa pembeni ya kitanda. Mikono yake aliilaza mapajani, viganja juu, kama vitu alivyoachiwa avishike na mwenyewe hajarudi kuvichukua. Binti aliposinzia, aliniuliza bila kuniangalia:

"Siku ile nakushonea kifungo, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia 'pengine'."

"Nilikwambia pengine."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa. Tulimngoja apite.

"Na mama yake," alisema, "ni mikono hii?"

Samahani ilikuwa tayari mdomoni, na pengine, na kwa maoni yangu madogo. Niliziacha hapo.

"Hakuna anayeweza kujua sasa. Huenda kukanda kulilisogeza bonge. Huenda lingekwenda lenyewe. Hakuna aliyekwambia usikande, na aliyepaswa kukwambia ni mtu wa kazi yangu."

Alitikisa kichwa polepole, akavaa miwani yake. "Hilo naweza kulibeba," alisema. "Lakini mimi, mzee mwenzangu, usinipe pengine tena."

Jumatatu, 22 Aprili

Mkuu aliniita. Kamati inashukuru Mungu kwa uhai wa mtoto; hata hivyo mwenyekiti amefedheheshwa mbele ya wazazi wenziwe na angependa kusikia neno. "Moja tu, Baba mdogo. Neno moja la radhi. Wewe halikupi shida."

Ni kweli, halijapata kunipa shida. Nililitafuta.

"Mwambie," nilisema, "anaegesha vibaya."

Mkuu aliinamia karatasi zake. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mwanzoni nilidhani analia.

Alhamisi, 25 Aprili

Niliwafundisha nusu ya somo niliyoisahau: lini mguu uinuliwe, lini utembezwe, na lini usiguswe kabisa mpaka hospitali. Wakili alibaki baada ya kengele.

"Mwalimu, ni sisi tuliomfanyia vile?"

"Ninyi mlifanya nililosema. Mimi nilisema nusu."

Alifikiri. "Kisheria," alisema, "hilo linatuachia huru." Kisha akafuta machozi kwa mkono wa shati na kunibebea mkoba hadi langoni.

Jumapili, 5 Mei

Jua. Nimeliondoa beseni.

Alhamisi, 9 Mei

Kipindi cha mwisho cha muhula. Mkuu amelihamishia darasa chini, kwa ajili ya magoti yangu, anasema. Kipa anasema ni kwa ajili yake, na mmoja wao anadanganya kwa adabu. Timu ilifungwa mabao manne. Kipa aliangalia mechi kutoka kwenye kiti cha bibi yake cha kushonea, kilicholetwa uwanjani, amevaa soksi ndefu za kubana alizopewa hospitali, akimfokea yule wa akiba hadi mwamuzi akamwonya.

Nilipima shinikizo la kila mwanafunzi. Sikumwomba mtu ruhusa. Kipa alikuja wa mwisho, akaketi mbele yangu, akateremsha soksi bila kuambiwa, akainyoosha miguu yote miwili, sambamba, juu ya benchi.

"Angalia, Mwalimu. Sema kweli."

Nilivaa miwani, nikainama, nikaangalia kwa muda niliohitaji.

"Umeanza kukonda," nilimwambia.